Banda la tausi lianze na mkia wa dume

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Kibaha, na nyuma ya nyumba nina nafasi ya mita 12 kwa 20. Nimeagiza tausi watatu, dume mmoja na majike wawili. Lipo banda la kuku la mita 3 kwa 6 ambalo halina kitu tangu mwaka jana. Limezungushiwa waya wa kuku wa kawaida, na juu limefungwa waya huohuo. Fundi anasema tulipandishe kidogo tulitumie hilohilo. Je, litafaa? Kama halifai, nijenge la ukubwa gani, kwa vifaa gani, na juu niweke bati, waya au wavu?

JIBU: Ndugu msomaji, banda hilo liache, hata likipandishwa. Sababu nzito kuliko zote haionekani kwa macho, nayo ni udongo wake. Kuku wengi hubeba utumboni minyoo midogo iitwayo heterakisi. Mayai ya minyoo hiyo hukaa ardhini kwa miaka, na ndani ya mayai hujificha kimelea cha ugonjwa wa kichwa cheusi. Kuku huishi nacho bila kuonyesha dalili. Kwa tausi, hasa vifaranga na wale ambao hawajakomaa, kimelea hicho hula ini na utumbo: kinyesi huwa cha njano kama kiberiti, mabawa hulegea, ndege hujikunyata na kuacha kula, kisha hufa. Nyungunyungu nao humeza mayai hayo, na tausi akimla nyungunyungu amejiingizia ugonjwa mwenyewe. Mwaka mmoja wa kukaa tupu hausafishi ardhi ya namna hiyo, na dawa ya kunyunyiza haifiki mbali kwa sababu yai la mnyoo lina ganda gumu.

Kwa hiyo jenga upande ambao kuku hawajawahi kuchakura. Kama kiwanja kina mteremko, tausi wakae juu na kuku chini, maji ya masika yasije yakahamisha kinyesi kutoka kwa hawa kwenda kwa wale. Kuku wasiingie kabisa katika banda la tausi, hata yule mmoja wa kuatamia.

Sababu ya pili ni mkia. Tunaouita mkia wa tausi kwa kweli ni manyoya marefu ya mgongoni yanayofunika mkia wenyewe. Mkia halisi ni mfupi na mgumu, na kazi yake ni kuyasimamisha yale marefu. Manyoya hayo hufikia mita 1.5 na zaidi kidogo, na dume akiyatandaza, upana wake unaweza kuzidi mita 2. Humea upya mara moja kwa mwaka, baada ya msimu wa kuzaliana. Unyoya uliovunjika katikati hubaki kipande mpaka wakati wa kunyonyoka ufike. Dume akivunja mkia mwezi wa kwanza wa msimu, msimu mzima utamtazama hivyo, na majike hawatamjali sana. Katika banda la upana wa mita 3, kila akigeuka ncha zinakwangua waya. Ndiyo maana kila kipimo hapa chini kimeanza kwake.

Watu wengi wenye uzoefu hukadiria mita za mraba 9 kwa kila ndege kuwa kiwango cha chini, upana usiopungua mita 3, na kimo cha mita 2.1 kwenda juu. Hicho ni kiwango cha kuishi tu. Wewe una nafasi, basi usijibane: jenga la mita 5 kwa 12, kimo cha mita 2.4. Kati ya hizo 12, mita 3 za mwisho ziwe kibanda chenye paa, yaani mita 5 kwa 3, na mita 9 zilizobaki ziwe uwanja wazi. Watatu wako watapata mita za mraba 45 za uwanja na 15 za kivuli, na hata ukiongeza majike wawili baadaye bado watatosha. Usiongeze dume. Madume wawili wazima katika boma moja hupigana mpaka mmoja aumie, na hata wakitenganishwa kwa waya hugongana kupitia waya huo. Siku utakapotaka dume wa pili, boma lake liwe na ukuta usiopenya macho wa kimo cha mita 1 kutoka chini.

Weka urefu wa banda uelekee mashariki–magharibi ili jua lisiingie lote kwa ubavu. Pwani mvua kubwa za masika huja na upepo wa kusi, kwa hiyo ukuta wa kibanda utakaozibwa kabisa ni ule wa kusini na ule wa nyuma; upande wa kaskazini uachwe upitishe hewa. Banda lisiwe dirishani mwa chumba cha kulala, chako wala cha jirani. Dume katika msimu hulia alfajiri na usiku, na sauti yake huvuka mtaa.

Tuingie kwenye ujenzi. Pima pembe mraba kwa kamba yenye pande za mita 3, 4 na 5 kabla ya kuchimba chochote. Banda likienda upande, wavu wa juu hautakaa sawa kamwe. Kata ardhi ili maji yatoke kibandani kuelekea nje kwa mteremko wa sm 2 kila mita, na mtaro uzunguke pande zote. Udongo wa Kibaha sehemu nyingi ni wa kichanga na hunyonya maji vizuri, lakini ukikuta tabaka la mfinyanzi, chimba mtaro kwanza kisha ndipo uanze nguzo.

Nguzo nzuri ni za mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, unene wa sm 10. Utahitaji 16 za mita 3, nyingine 3 za mita 3.3 kwa ajili ya mbele ya kibanda, na 2 za mita 3.6 za kusimama katikati ya uwanja. Zote zizame sm 60. Tia kokoto sm 10 chini ya shimo ili maji yasitulie kwenye kisigino cha nguzo, kisha zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), na juu ulisawazishe kama kofia ili mvua iteleze. Mifuko 4 ya saruji inatosha kwa mashimo yote. Mafundi wengi hupaka nguzo oili chafu kuzuia mchwa. Ikipakwa, iishie sehemu inayozikwa, kwa sababu manyoya yakigusa oili hugandamana na ndege huimeza anapojinyoosha kwa mdomo.

Ubavuni acha nafasi ya mita 2.25 kati ya nguzo na nguzo, na ubao wa inchi 2 kwa 3 upite mara tatu: chini, kwenye kimo cha mita 1.2, na juu kabisa. Kwa uwanja peke yake hizo ni kama mita 70 za mbao.

Waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita humzuia kuku asitoke. Haumzuii adui asiingie. Mbwa huupasua kwa meno, nguchiro na kicheche hupenya, kanu hupanda, na baada ya misimu michache ya hewa ya Pwani hufumuka kwa kutu. Tumia waya uliochomelewa na kupakwa zinki. Nusu ya chini, kimo cha mita 1.2, uwe wa matundu ya mm 12 kwa 25. Huo huzuia hata nyoka mnene na panya wakubwa, na vifaranga wako hawatatoka. Nusu ya juu unaweza kuwa wa mm 25 kwa 50. Mzunguko wa uwanja ukiondoa upande wa kibanda ni mita 23, kwa hiyo roli moja la mita 30 kwa kila aina linatosha na kubakiza kidogo cha kufunika chumba cha mlango nitakachokieleza baadaye. Waya ufungwe upande wa ndani wa nguzo. Fundi atabisha, maana ni rahisi zaidi kuufunga nje, lakini nguzo zikichomoza ndani ndizo zinazovunja mkia.

Roli la tatu, la matundu madogo, ni la sketi ya chini na la kibanda. Likate mita 11.5, upasue katikati kwa urefu, upate ukanda wa sm 60 wa kuzunguka uwanja wote. Ulaze chini kuelekea nje, si wima, uunganishe na waya wa ukuta kwa vipande vya binding waya kila sm 15, uupasue kidogo pale penye nguzo, kisha uufukie kwa udongo na nyasi. Mnyama anayechimba huanza pale ukuta unapogusa ardhi; akikutana na waya chini ya kucha, hana akili ya kurudi nyuma hatua moja aanze upya. Sketi ya kulala inafanya kazi kuliko waya wa kuzikwa wima sm 30, na haikulazimishi kuchimba mtaro mrefu.

Sasa la juu, ambalo ndilo linaloua tausi wengi katika mabanda yaliyojengwa kwa nia njema. Tausi akishtuka haruki mbele, huruka juu moja kwa moja, na dume ana kilo 4 hadi 6. Paa la waya uliokazwa humchuna ngozi ya kichwa au humvunja shingo. Bati juu ya uwanja mzima nalo lina ubaya wake: mchana huwa tanuri, na udongo haupati jua la kuukausha, wakati unyevu ndio unaolea minyoo na kokosidia, vimelea vidogo vya utumbo. Kwa hiyo uwanja upate wavu, na kibanda kipate bati.

Wavu uwe wa nailoni iliyosokotwa, uzi mnene, mweusi ukiupata maana hustahimili jua zaidi, wenye macho ya sm 4 hadi 5 kutoka fundo hadi fundo. Macho makubwa kuliko hapo humpitisha kunguru wa India, na kunguru huyo ni mwizi wa mayai na vifaranga. Usinunue nyavu za uzi mmoja unaong'aa kama wa mshipi, hata zikiwa bei ya kutupa. Uzi ule haupasuki, hukata: kidole cha tausi kikinasa humo kwa saa chache, damu haipiti, na kidole kinakufa.

Pitisha waya laini wa zinki wa mm 3 juu ya nguzo zote kuzunguka uwanja, na mwingine kutoka katikati ya kibanda, juu ya zile nguzo 2 ndefu, mpaka nguzo ya katikati ya ukuta wa mwisho. Mita 50 zinatosha. Nguzo ndefu ziwe mita 3 na 6 kutoka kibandani, na vichwa vyake uvivishe vipande vya tairi ili visitoboe wavu. Nunua wavu wa mita 6 kwa 10, uutandaze kama hema, uufunge kwa kamba ya nailoni kila sm 15. Usikaze. Ukiusukuma kwa mkono ushuke kiasi cha kiganja na kurudi. Majani yakijaa juu yake, yatoe siku hiyohiyo, maana wavu wenye majani mabichi na mvua huwa mzito mpaka unang'oa mbao. Na usilijenge chini ya mwembe au mnazi. Nazi moja hupita kwenye wavu wowote.

Kibanda ni kazi rahisi zaidi. Ukuta wa chini wa tofali za saruji kimo cha mita 1 juu ya msingi wa sm 30, kwa hiyo hapo sketi haihitajiki. Juu ya tofali, ukuta wa nyuma na wa kusini uzibwe kwa mbao, ukiacha mwanya wa sm 20 chini ya paa wenye waya wa matundu madogo. Ubavu wa kaskazini upate waya huohuo. Mbele, mita 1.5 zizibwe kwa mbao, mita 1.5 ziwe mlango wa kuteleza wenye kimo cha mita 2, na zilizobaki ziwe waya. Mlango ukiwa mwembamba, dume huingia akiburuta mkia kwenye kizingiti kila jioni. Bati 8 za mita 4, geji 28, zenye upana wa sm 75 zikishalaliana, zinafunika kibanda na kuacha upenu mbele na nyuma. Mbele kimo mita 2.7, nyuma 2.4, ili maji yaanguke nyuma na si uwanjani. Makuti ni mazuri kwa ubaridi, lakini humo panya huweka maskani, nyoka humfuata panya, na utitiri hujificha mahali ambapo hutaufikia kwa dawa. Ukiyapenda, yatumie kama pazia la kumficha jike anayetaga, uyachome yakichakaa.

Fito za kulalia zinastahili kufikiriwa kuliko watu wanavyozifikiria. Tausi hapendi fito nyembamba kama ya kuku. Nyayo zake ni kubwa. Tumia ubao wa inchi 2 kwa 4 uliolazwa upande mpana juu, kingo zimepigwa randa, au mti wa mviringo wa sm 8 hadi 10. Kimo mita 1.5, na fito ikae katikati ya kibanda, mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma na 1.5 kutoka mbele, kwa sababu dume anaweza kulala akiangalia upande wowote na mkia lazima uning'inie bila kugusa kitu. Urefu wa mita 3.5 unawatosha watatu. Fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo watagombea ya juu na wa chini atapakwa kinyesi. Ukiziinua hadi mita 2 kwa kudhani utawafurahisha, kila asubuhi wanatua kwa kishindo na nyayo huanza kuvimba chini na kuota usaha. Weka ngazi ya mti mmoja pembeni, kimo cha sm 70, wa kushukia. Nje uwanjani weka fito moja kama hiyo, mita 1.5 kutoka ukutani.

Mlango wa kuingilia wewe uwe wa milango miwili: chumba kidogo cha mita 1.2 kwa 1.2 kilichobandikwa nje ya ukuta, chenye waya pande zote na kipande cha wavu juu. Unafunga wa kwanza ndipo unafungua wa pili. Mlango wa ndani ufunguke kuelekea ndani, ili ndege akiusukuma aufunge. Makomeo yawe ya chuma na ya kufuli. Tausi ni bei, na mwizi wa miguu miwili anajua bei hiyo. Humo chumbani weka mabuti ya mpira yasiyotoka kamwe. Anayewahudumia avae hayo, na aanze kwa tausi ndipo aende kwa kuku, si kinyume chake.

Sakafu ni mchanga wa mto: sm 10 uwanjani na sm 15 kibandani, jumla kama mita za ujazo 7. Mchanga wa ufukweni usiletwe, kwa kuwa chumvi yake hula waya na jamii ya kuku haistahimili chumvi. Kinyesi chini ya fito kiokotwe kila siku kwa reki, si kila wiki. Chakula na maji vikae ndani ya kibanda, sm 30 kutoka chini, ili ndege wa porini wasije kula na kuacha zawadi. Kwenye kona yenye kiza weka kiota cha sm 60 kwa 60 chenye nyasi kavu kwa kila jike. Wao hutaga chini, kwa kawaida mayai 4 hadi 6, na huatamia siku 28. Zungushia majivu nje ya kona hiyo wakati wa siafu.

Kabla ndege hawajaingia, kuna kazi mbili ambazo mafundi husahau. Ya kwanza ni sumaku. Tausi huokota chochote kinachong'aa, na vipande vya waya na misumari vilivyoachwa mchangani vitatoboa firigisi au kumtia sumu ya zinki. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye kijiti, upite nayo uwanja mzima mara mbili, mara ya pili ukikatiza njia ya kwanza. Ya pili ni maji: mwagia kibanda kwa mpira nusu saa uone yanasimama wapi. Pale yanaposimama ndipo ugonjwa utakapoanzia.

Na kuhusu karatasi: kabla hujalipia ndege wenyewe, pitia ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize utaratibu wa kibali cha kuwafuga, na umtake muuzaji akupe maandishi ya wanakotoka. Daktari wa mifugo naye awaone wakiwa bado kwa muuzaji, akague kinyesi, na akupangie dawa ya minyoo na chanjo ya kideri.

Siku ya kuwaleta, waingize kibandani jioni, mlango wa kuteleza ukiwa umefungwa, wakae humo siku 7 hadi 10 wakiona uwanja kupitia waya. Wakati huo funga vitambaa vyeupe kwenye kuta za uwanja, kimo cha kifua chako, kila mita moja. Waya mpya hauonekani kwa ndege anayekimbia. Ajali nyingi za shingo hutokea wiki ya kwanza. Ukiwafungulia, iwe saa 11 jioni wakiwa na njaa, chakula kikiwa ndani, ili saa moja baadaye warudi wenyewe kulala. Vitambaa viondoe kimoja kimoja baada ya wiki mbili.